Ekseli Niliyoifunga Ukweni

Wacha niseme mapema ili asije mtu akaniuliza tena: lile lori nililitengeneza mimi. Hakuna Mzungu aliyeshika spana pale, wala Mhindi. Mwenye lori alikuwa Mhindi wa duka kule Sotik, mtu mwema kwa njia yake, lakini kazi yake ilikuwa kukaa nyuma ya meza na kunywa chai. Kuendesha ilikuwa kazi yangu na kutengeneza ilikuwa kazi yangu. Hiyo ilikuwa miaka ya thelathini, baada ya nzige na kabla ya vita, wakati madereva Waafrika kutoka Kericho hadi Bomet ungeweza kuwataja wote kabla hujamaliza kufunga viatu. Mimi nilikuwa mmoja wao, na sikumficha mtu jambo hilo.

Tulikuwa tunabeba mahindi kutoka upande wa Ndanai kwenda mashamba ya majani chai, yawe posho ya wafanyakazi. Mara nyingine nilitumwa Mulot kuchukua ngozi, na nikirudi watu walinipisha njia kwa sababu ya harufu. Lakini kazi ya kila wiki ilikuwa mahindi, na njia ya Ndanai niliijua shimo kwa shimo.

Nilikuwa na sababu nyingine ya kuipenda njia hiyo. Siku moja sokoni Ndanai nilitaka kununua wimbi kwa msichana mmoja, akaniangalia mikono, akasema hawezi kuwauzia wimbi watu wenye mikono ya namna ile. Nikaenda nikaisugua kwa mafuta ya taa na mchanga, nikarudi. Akanusa, akasema sasa ni nyeusi kidogo na inanuka zaidi. Nilinunua wimbi lote. Sikuwa hata na mahali pa kulisagia.

Alikuwa Mkisii kama mimi. Baba yake alikuwa amehamia upande ule wa Sotik akapewa kipande cha ardhi kwenye shamba la Mzungu, kwa sharti la kumlimia. Alikuwa mtu wa maksai. Hakuna aliyelima mstari ulionyooka kama wake, na yeye pia hakumficha mtu jambo hilo. Baba zangu wadogo walikuwa wamekwenda kwake mara mbili kuniombea binti yake, na mara zote mbili aliwajibu neno moja tu: nitafikiri. Tulijua alichokuwa anafikiri. Kulikuwa na karani wa ofisi ya shamba moja la chai, mtu wa viatu na baiskeli, naye pia alikuwa ameleta maneno. Na mzee alikuwa amesema mbele ya watu, sokoni, kwamba dereva ni mtu wa kulala chini ya gari kama nyoka, na yeye hana binti wa kumpa nyoka.

Neno hilo liliniuma sana. Liliniuma kwa sababu kwetu si matusi tu. Sisi Wakisii tuna heshima yetu ya ukwe, tunaiita chinsoni, na mtu asiyeijua ni kama hakulelewa. Hupeani mkono ovyo na wakwe zako. Husimami ukamkazia macho mama wa mke wako. Na kulala, kunyoosha miguu mbele yao, hata ukiwa unaumwa, ni aibu ambayo watu wataitaja mpaka kaburini. Mzee alikuwa amebatizwa na alikwenda kanisani kila wiki, lakini ubatizo haukugusa mambo ya ukwe. Kwa hiyo aliposema ninalala chini, alikuwa anasema sifai kuwa mkwe wa mtu yeyote.

Sasa sikilizeni mahali lori lilipochagua kufia.

Ilikuwa Jumanne alasiri, nimejaza magunia mpaka juu, nimevuka kijito, napanda ule mlima mfupi. Nikasikia mlio wa kusaga, kraa, kraa, kisha kitu kikakatika nyuma. Injini inanguruma, magurudumu yametulia. Nikaruka nje nikatia mawe nyuma ya tairi kabla lori halijarudi mtoni. Kisha nikainua macho, nikaona ua wa minyaa na paa la nyasi nililolijua vizuri, kwa sababu kila nilipopita hapo nilikuwa napiga honi mara mbili. Lori lilikuwa limesimama chini kabisa ya lango la mzee. Nilitaka kulia.

Nilifungua kifuniko cha difu, lile tumbo la mviringo katikati ya ekseli ya nyuma, mahali gia zinapogeuza nguvu ya injini ziipeleke kwenye magurudumu. Oili ikamwagika na meno manne ya gia yakaniangukia mkononi. Hapo hapakuwa na cha kushona wala kuchomelea. Ilitakiwa ekseli nzima nyingine, na ekseli nyingine ilikuwepo: nyuma ya duka la Sotik kulikuwa na lori jingine la aina ileile, lililopasuka injini, limekaa juu ya mawe. Watu walikuwa wamelimaliza kwa kuchukua tairi washone viatu vya akala. Lakini ekseli yake ilikuwa nzima. Nilijua kwa sababu ni mimi niliyeipaka grisi ya mwisho.

Tatizo ni kwamba Sotik ilikuwa mwendo wa saa nne kwa miguu, na ekseli ya lori haibebwi na mtu mmoja wala watatu. Utingo wangu alikuwa amelazwa na malaria. Na mawingu yalikuwa yanashuka kila alasiri, na mahindi yakilowa yanaota ndani ya gunia.

Mzee alitoka langoni taratibu, amevaa koti lake kuukuu la jeshi, fimbo imekaa mabegani na mikono imening'inia juu yake. Alisimama mbali.

"Limekufa?" akauliza.

"Limevunjika mgongo, mzee."

"Utafanyaje?"

Ningeweza kusema nitasubiri mwenye mali atume watu. Lakini nilikuwa na kiburi changu, na nilijua karani angesikia hadithi hii kabla ya Jumapili. Nikamwambia, "Kuna mgongo mwingine kule Sotik. Natafuta maksai wa kuuvuta."

Katika nchi ile yote, maksai waliofundishwa kuvuta kitu kizito wakitii walikuwa wake tu, na sote wawili tulijua.

"Ng'ombe wangu hawashikwi na mtu mwingine," akasema mwishowe. "Nitakwenda nao mwenyewe."

Hapo ndipo nilipojua maji yamenifika shingoni. Nilikuwa nimetaka ng'ombe, sasa nimepewa ng'ombe pamoja na mwenyewe, na siku mbili za kutembea pamoja naye. Vijana wake wawili, watu wazima wenye wake zao, walibaki kushusha magunia na kuyaingiza chini ya paa.

Tuliondoka Jumatano asubuhi. Alitangulia na maksai wanne, mimi nyuma, na kati yetu gogo lenye panda, lile wanalokokotea mawe. Hatukusema kitu mpaka Sotik. Mimi ni mtu wa maneno, kila anayenijua atakwambia, na kunyamaza saa nne kulinichosha kuliko mwendo.

Lakini nilipoingia chini ya lile lori bovu nilisahau yote. Nati zilikuwa zimeshika kutu. Nilizichokoza kwa mafuta ya taa, nikagonga, nikasubiri, nikagonga tena. Jua lilipogeuka zilikuwa zote zimetoka isipokuwa moja, na hiyo nikaikata kwa tindo. Mhindi alitoka mara moja na kikombe chake, akaangalia, akasema, "Utaweza?" Nikamjibu kwamba nikishindwa atafute dereva mwingine. Akarudi kwenye chai yake. Mzee alikuwa amekaa na ng'ombe wake ng'ambo ya barabara, amenigeuzia mgongo, kwa sababu nilikuwa nimelala.

Kuifunga ile ekseli juu ya gogo ilikuwa kazi yake, na hapo niliona fundi. Alikuwa amekuja na kanda za ngozi mbichi zilizolowekwa. Alizizungusha, akavuta kwa goti, akaziacha juani zikauke. Asubuhi ya Alhamisi ungegonga kanda hizo zingelia. Njia nzima ekseli haikusogea hata kidole. Alikuwa anawaongoza wale maksai bila kiboko, kwa sauti ya chini, na kwenye mteremko wa mto aliwageuza wakashuka upandeupande ili gogo lisiwapige miguu. Mimi ambaye nilidhani najua kuendesha nilitembea nyuma nikiangalia kama mwanafunzi.

Tulipumzika kando ya maji. Akaizunguka ekseli, akaigusa na fimbo kwenye lile tumbo.

"Ndani kuna nini?"

Nikafungua kifuniko, nikamwonyesha. Nikamwambia hii gia kubwa inazungushwa na ile ndogo, na hizi nne za katikati kazi yake ni moja: lori likipinda kona, gurudumu la nje lazima lizunguke zaidi kuliko la ndani, la sivyo kitu kinavunjika. Nilizungusha upande mmoja kwa mkono, upande wa pili ukarudi nyuma. Alichuchumaa. Akaniambia nizungushe tena.

"Ni nira," akasema. "Ukifika mwisho wa shamba ukigeuza plau, ng'ombe wa nje anatembea sana na wa ndani anakanyaga palepale. Ukiwafunga kwa mti mkavu usiocheza, mmoja anavunjika shingo. Basi wameweka nira inayocheza."

Nimefundishwa difu na Mhindi fundi wa Kericho, na baadaye na Mzungu mwenye kitabu cha picha. Hakuna aliyelieleza jambo hilo vizuri kama mzee yule, na tangu siku ile nikifundisha mtu nasema nira. Nilimwambia hivyo. Tulipoondoka alinipa kamba ya ng'ombe wa nyuma niishike.

Ijumaa ndiyo iliyokuwa siku yenyewe.

Alfajiri nilinyanyua sehemu ya nyuma ya lori kwa jeki, kidogo kidogo, nikaiegemeza juu ya magogo. Nikatoa ekseli iliyovunjika. Vijana wa mzee wakanisaidia kuisukuma ile nzima mpaka chini ya springi, kisha wakaenda zamu yao kwenye shamba la Mzungu. Nikabaki na mzee, na mzee akabaki mbali kidogo, amekaa juu ya jiwe akichonga mpini.

Sasa kulala kukawa hakuna budi. Springi ziko chini, bolti ziko chini, mtu hafungi ekseli akiwa amesimama. Na lori lilikuwa mbele ya lango, na njia ya kwenda kisimani ilipita hatua chache tu kando yake, na mwenye kuipita njia hiyo alikuwa mama wa msichana.

Nilifikiri, nikapata dawa. Nikachukua magunia matupu, nikayapasua, nikayaning'iniza kuzunguka lori lote kutoka kwenye ubao mpaka chini. Lori likawa limevaa sketi. Mzee aliangalia, akaendelea kuchonga. Nikaingia ndani ya giza langu nikaanza kazi.

Haikupita muda nikasikia kikohozi juu langoni. Kikohozi cha heshima, cha mtu anayekwambia: napita. Magunia yalikuwa yanafunika mwili, lakini miguu yangu ilikuwa inatokeza nje, maana lori halikujengwa kwa urefu wangu. Ningeikunja? Nilikuwa nimeshika spana. Na hata ningeikunja, yeye angejua nimelala, na mimi ningejua anajua. Nikatoka kwa kutambaa, nikajipangusa, nikasimama nikitazama ua wa jirani mpaka mama alipopita na mtungi wake. Nikarudi. Baada ya muda akapandisha na maji. Kikohozi. Nikatoka, nikasimama, nikatazama ua.

Mama huyo alikwenda kisimani siku ile kama mtu anayechota maji ya harusi. Miaka mingi baadaye mke wangu aliniambia kwamba mitungi ilijaa mapema sana, ikajaa sufuria, na mama akamwaga maji nyuma ya nyumba ili apate sababu ya kushuka tena. Alitaka kumwona vizuri huyu nyoka. Mimi sikujua. Mimi nilijua tu kwamba kila nikishika nati, mtu anakohoa.

Ekseli hushikwa kwenye springi kwa bolti nene zilizokunjwa, mbili kila upande, na nati nne. Niliinua ekseli kwa jeki mpaka ikagusa springi. Upande wa kushoto nikafunga, nikakaza mpaka spana ikalia. Nikahamia kulia. Nikaziingiza nati zote nne kwa vidole, mzunguko mmoja mmoja tu, ili zishike. Nikachukua spana. Kikohozi.

Nikatoka. Nikasimama. Nilikuwa na njaa na mgongo unawaka, na nakiri kwamba niliutazama ule ua kwa hasira. Alipokwisha kupita nilirudi chini, na kichwani mwangu ule upande wa kulia ulikuwa umekwisha. Niliona nati zote nne ziko mahali pake, nikaridhika. Mimi, ambaye nilikuwa nikiwacheka madereva wengine kwa kusahau kifuniko cha rejeta.

Nikateremsha jeki nikaivuta kando. Ekseli ikabaki inaning'inia. Nikalala chali katikati yake, nikaanza kuunganisha propela, ule mti wa chuma unaotoka mbele. Tundu hazikukutana vizuri. Nikasukuma kwa nguvu.

Upande wa kulia ukaachia. Nati zilitoka zote kwa pamoja, na ekseli ikashuka kwa pembe, tumbo lake likatua kifuani kwangu. Sikupiga kelele kwa sababu sikuwa na pumzi. Nilikuwa nimeishika kwa mikono miwili, na mikono inaanza kukunjika. Kilichoizuia isinimalize ni upande wa kushoto tu, na ule nao ulikuwa unalia. Niliona wazi kwamba nitakufa pale, chini ya lango lake, nimelala, na watu watasema mzee aliona mbele.

Magunia yakapasuliwa. Mzee aliingia kwa kichwa, akalala chali kando yangu, bega kwa bega, akaweka miguu yake miwili kwenye kile chuma na mikono juu yake, akasukuma. Mtu wa umri ule. Nilisikia mifupa yake. Ekseli ikapanda kiasi cha mkono.

"Jeki," akasema.

Nikajinyoosha, nikaipata kwa ncha za vidole, nikaivuta, nikaiweka chini ya tumbo la ekseli, nikaizungusha mpaka ikabeba uzito. Kisha tukalala palepale wote wawili, tunahema, jasho lake na langu limechanganyika. Koti lake la jeshi lilikuwa limejaa grisi.

Na hapo, karibu kabisa, tukasikia kikohozi.

Hakuna aliyetoka. Hatukuwa na nguvu za kutoka. Kupitia ule upenyo uliopasuka niliona miguu ya mama imesimama barabarani, na yeye bila shaka aliona miguu yetu minne imejipanga pamoja, na miwili aliijua kwa miaka mingi. Alisimama kwa muda ambao sitausahau. Kisha miguu ikageuka ikapanda mlima, na mtungi haukuwa umejazwa maji.

Mzee ndiye aliyesema kwanza, bado anatazama juu kwenye sakafu ya lori.

"Kwa nini imeanguka?"

Bolti zilikuwa kuukuu. Ningeweza kusema hivyo na asingejua. Ningeweza kusema nati za zamani zimekwisha meno, na ingekuwa nusu ya ukweli. Jina langu la ufundi ndilo kitu pekee nilichokuwa nacho katika nchi ile, sikuwa na viatu vya ofisini wala baiskeli.

"Sikukaza upande wa kulia," nikamwambia. "Nilikuwa na spana mkononi. Mama akakohoa, nikatoka. Niliporudi nikasahau."

"Ulikuwa unatoka kila alipokohoa?"

"Kila alipokohoa."

Alitoka kwa shida, akaokota fimbo yake, akapanda nyumbani akiwa amejishika kiuno.

Basi nikajua nimepoteza. Mzee alikuwa ameniokoa, na kwa kuniokoa alikuwa amelala na mimi ardhini, mbele ya mke wake, kitu ambacho mtu na mkwe wake hawafanyi. Kwa desturi yetu jambo kama hilo halirudishwi nyuma. Angekuwa na sababu safi kabisa ya kumpa karani binti yake, na hakuna mzee yeyote wa Kisii ambaye angemlaumu. Nililia kidogo mle ndani ya magunia. Nasema kwa sababu ni kweli.

Halafu nikakasirika. Nikasema kama ni kupoteza nitapoteza, lakini hakuna mtu atakayesema niliacha lori hapa. Nikaanza upya upande wa kulia. Nikapata nati nzuri kutoka kwenye ile ekseli iliyovunjika, nikakaza, nikapita kila nati mara mbili kwa mkono na mara ya tatu kwa macho. Nikaunganisha propela. Nikafunga breki. Kwenye kifuniko cha difu nilikata ngozi laini aliyoiacha mzee pale kwenye jiwe alipokuwa akichonga, nikaibana, na oili haikutoka hata tone. Nikarudisha magurudumu, nikaondoa magogo. Hakuna aliyekohoa tena. Njia ya kisimani ilikuwa tupu mpaka alasiri.

Vijana walirudi kutoka zamu, wakanisaidia kupakia magunia. Waliniangalia kwa pembe ya jicho. Nikajua habari imefika.

Nikawasha injini. Nikatia gia ya kwanza, nikaachia klachi polepole kama mtu anayeweka yai chini. Lori likatetemeka, likajivuta, likapanda. Limejaa mpaka juu, kwenye mlima ule uliolivunja, likapanda bila kusaga na bila kulia mpaka uwanda wa juu. Vijana wa mzee walikuwa wanakimbia kando yake. Watu walitoka mashambani kuangalia. Nimeendesha magari mengi baada ya hapo, mapya kutoka kwenye karatasi zake, lakini moyo wangu haujajaa tena namna ile. Ekseli hiyo ilifanya kazi miaka kwa miaka, ilifika mpaka Mogogosiek kwenye tope la kutisha, na haikunirudisha nyumbani kwa miguu hata mara moja.

Nilisimamisha lori juu, nikarudi kwa miguu kushukuru. Hilo halikwepeki. Mtu amekupa ng'ombe wake na mgongo wake, huwezi kupiga honi na kwenda zako.

Mzee alikuwa langoni. Alikuwa amevua koti, limelowekwa mahali. Ndani ya ua, mbali, mama alikuwa amesimama amenipa mgongo, na mimi nikatazama chini. Nilikuwa nimepanga maneno ya shukrani, lakini aliinua mkono.

"Yule karani alikuja hapa mwezi uliopita," akasema. "Tulimpa kiti. Mama akapita mbele yake mara tatu. Hakuinuka."

Nikangoja.

"Wewe ulikuwa na chuma juu yako, ukainuka. Ukainuka mpaka ukataka kufa. Ni ujinga." Akatema mate kando. "Leo nimelala chini na wewe, na mama ameona. Anasema kwa jambo hilo huwezi kuwa mkwe wetu."

Sikuweza kuinua kichwa.

"Nimemwambia hajaona mkwe. Mkwe hajafika hapa bado. Ameona fundi na mtu wa kumshikia chuma." Kule ndani mama alikohoa kidogo, na safari hii sikujua maana yake. "Waambie baba zako waje Jumapili. Na kuanzia Jumapili hiyo, nisikuone tena umelala."

Siku nne nzima nilikuwa nimemwita mzee, kama kila mpita njia.

"Ndiyo, baba," nikasema, na hakunikataza.